ZEGE TUMWAGE WENYEWE, LAKINI ZEGE SI UJI

Ndugu wanaushirika, na nyinyi wapita njia mnaosimama hapa kusoma huku mnangoja gari,

Kwenye kikao cha kamati kilichopita limeletwa shauri ambalo sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani hatukulipenda, na tumeona bora tuliseme hadharani kuliko kunong'ona barazani. Shauri lenyewe ni hili: kwamba tokea sasa ushirika usimkopeshe mwanachama saruji ya kumwagia zege la chini la nyumba yake mpaka alete karatasi ya kontrakta kutoka mjini. Asiye na kontrakta hapewi mfuko. Sababu inayotolewa ni kwamba sakafu mbili zilizomwagwa na wenyewe kwa wenyewe mwaka huu zimeharibika, na saruji ile ilikuwa ya mkopo, na mkopo ni mali ya wote.

Hasara ipo, hatuikatai. Tumekwenda kuziona sakafu zote mbili kwa macho yetu. Ya kwanza kila ukiifagia inatoa vumbi, na ukiikwaruza kwa msumari unachimba mchanga. Ya pili imepasuka toka mlangoni mpaka kona ya nyuma, ufa unaingia sarafu. Wenyewe ni watu wazima na wana haya zao, hatuwataji. Lakini tunauliza: zimeharibika kwa sababu zimemwagwa na jamaa, au zimeharibika kwa sababu zimemwagwa vibaya? Hayo ni mambo mawili, kamati imeyatia kapu moja.

Maana ingekuwa kontrakta ndio dawa, basi tusingekuwa na lile jengo tunalolijua sote, ambalo lilimwagwa na mtu wa kofia ya plastiki na gari lenye kiyoyozi, na masika ya pili hayakufika sakafu yake ilikuwa imeshabanduka kama ngozi ya muhogo. Yeye akishalipwa haonekani tena. Jamaa aliyemwaga vibaya tunamwona kila siku msikitini, na akiulizwa anajibu.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili si dogo. Mtu wa kijiji hiki akishapandisha kuta zake za mawe na kuezeka, pesa zimekwisha. Anahamia. Watoto wanalala juu ya udongo. Masika ikija maji yanapanda kutoka chini, mikeka inaoza, na kiangazi kikija ndani ya vumbi lile lile ndimo funza anamokulia na kuingia vidoleni mwa watoto. Wengi wanakaa hivyo miaka saba, minane, wakingoja pesa ya fundi na vibarua wake. Kinachomtoa mtu katika hali hiyo ni mifuko michache ya mkopo na mikono ya ndugu zake. Ukimwambia alete kontrakta umemwambia akae na udongo wake. Hao waliolitoa shauri hili nyumba zao zina vigae, alhamdulillahi, wala hatuwaonei choyo. Ila wasisahau walivyoanza, na nani aliwabebea karai.

Tena tufanye hesabu, maana watu wanadhani zege ni jambo la kutisha. Chumba cha futi 12 kwa futi 10, zege la unene wa inchi 4, kinakula mifuko saba ya saruji na kidogo, chukua minane. Kila mfuko wa kilo 50 unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ile ya lita 20. Watu kumi wenye nguvu wakianza alfajiri wanaimaliza kazi kabla ya adhuhuri. Hapo kontrakta wa mjini anahitajika kwa lipi? Fundi mwashi wetu mmoja wa hapa hapa, mwenye pima maji na uzi wake, anatosha, na huyo tunaweza kumlipa.

Na wala watu wa kisiwa hichi hawakuanza jana kujenga kwa mikono mingi. Nendeni Mji Mkongwe mkaangalie dari za nyumba za zamani. Boriti za mikoko zimepangwa, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa iliyochanganywa na mchanga na vijiwe, kisha ikapigwa kwa vipande vya miti, siku baada ya siku, watu wamejipanga wanapiga kwa mpigo mmoja huku wanaimba. Kazi hiyo ndiyo wazee waliyoiita kusakifu, na neno sakafu tunalolitumia leo limo humo. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti haikuwa ndefu zaidi ya hapo, na wajenzi waliiheshimu boriti, hawakulazimisha ukumbi mpana kwa mti mfupi. Tunasema haya kwa sababu watu wanayakumbuka mawe na milango ya nakshi, lakini wanausahau ule upigaji. Ile chokaa ilidumu kwa kupigwa na kungojewa. Sisi tunamwaga zege saa nne, saa sita tunakwenda kula pilau, saa nane watoto wanacheza mpira juu yake.

Hata majumba ya Michenzani, ambayo ramani yake ilichorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968 na ambayo yalipanda miaka ya 1970, hayakubebwa na mafundi peke yao. Watu waliitwa kujenga taifa, wa mjini na wa shamba, wakabeba mchanga, kokoto na maji. Wengine walikwenda kwa moyo na wengine kwa kuogopa kuulizwa mbona hawakuonekana, tuseme ukweli. Lakini angalieni jambo moja: yule aliyebeba karai hakuwa ndiye aliyeamua maji kiasi gani yaingie. Palikuwa na msimamizi, na neno lake lilikuwa moja. Sisi tumeurithi ule wingi wa watu, huyu msimamizi tumemwacha huko huko.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wetu. Wakati wa zege kila mtu fundi. Mjomba amekuja na pauro lake, shemeji amekuja na rafiki zake, babu amekaa kwenye kiti anatoa amri, na jirani ambaye hakualikwa anasema kwao Pemba hufanya vyengine. Mwenye nyumba amesimama katikati anachekacheka. Wote wamekuja bure, wameacha ngalawa na mwani wao, atamkemea nani? Basi mjomba anachoka kugeuza, zege ni zito, anasema "ongeza maji kidogo". Ndoo inamiminwa. Zege linalainika, pauro linateleza, kila mtu anafurahi, na nyumba imeshaibiwa. Mwizi ni ile ndoo moja.

Tueleze, maana tumeambiwa huwa tunasema bila kueleza. Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Saruji inakula maji, na kwa kuyala ndipo inageuka jiwe. Lakini inakula kiasi chake. Mfuko mmoja unatosheka kwa lita 25 hivi, yaani ndoo moja na robo, na kama mchanga umenyeshewa basi hata hizo zipunguzwe. Maji yanayozidi hayana pa kwenda. Yanakaa ndani ya zege, baadaye yanatoka kama mvuke na kuacha vitundu vidogo vidogo visivyoonekana, na mengine yanapanda juu yakibeba ule unga wa saruji, ndio ile ngozi laini inayopendeza siku ya kwanza na kugeuka vumbi mwezi wa pili. Ile sakafu ya kwanza tuliyoiona ilikufa ugonjwa huu. Tulimwuliza aliyekuwa akimimina maji alipima kwa nini. Akasema, "Kwa macho."

Zege zuri ukilitia mkononi ukalifinya linakaa tonge, kama tonge la wali uliopikwa vizuri, halichuruziki vidoleni. Ni gumu kuligeuza, ndiyo. Likitushinda tuongeze watu, si maji.

Rai yetu ni kwamba maji akabidhiwe mtu mmoja, na bora awe mwanamke. Msicheke. Bibi anayepika wali wa arusi wa watu mia mbili bila kutia bokoboko hashindwi na ndoo moja na robo. Tena yeye anaweza kumwambia mjomba "ondoka hapa" na mjomba akaondoka. Siku zote tumewaweka akina mama kuchota maji na kupika, na maji hayo hayo wakishayafikisha kiwanjani tunawanyang'anya na kumpa kijana ambaye hata chai hajui kuikoroga.

Ile ya pili, yenye ufa, ina kisa chengine. Kifusi kilijazwa jana yake na hakikushindiliwa, watu walikikanyaga kwa miguu tu wakasema inatosha. Halafu nusu ya chumba ilimwagwa asubuhi, pakaletwa chakula, watu wakala, wakasali, wakazungumza siasa, na nusu ya pili ikamwagwa alasiri. Zege la asubuhi lilikuwa limeshashika. La alasiri halikuungana nalo, limekaa pembeni yake kama mgeni. Pale pale ndipo ulipopita ufa. Kwa jua letu zege lililochanganywa liwe limeshamwagwa na kusawazishwa ndani ya saa moja, na chumba kikianzwa kimalizwe. Chakula kitangoja. Pilau ikipoa inapashwa moto, zege likishashika halina dawa.

Kuhusu mchanga tutasema kwa ukali kidogo, na atakayechukia achukie. Mchanga wa pwani ni wa bure, uko hapo hapo, gari la ng'ombe linaufikia. Mchanga wa shamba, ule uliochimbwa miaka mingi sehemu kama Donge Chechele na Pangatupu huko Kaskazini, una bei na una safari. Kwa hiyo usiku usiku watu wanateremka ufukweni. Mchanga ule una chumvi. Katika sakafu ya chini isiyo na nondo chumvi itavuta unyevu na kutoa ule ukungu mweupe, utaishi nao. Lakini ukiutia kwenye zege lenye nondo, chumvi inakula chuma, chuma kinapata kutu, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mmeyaona mabaraza yenye vyuma vyekundu vinavyochungulia, mnadhani ni uzee. Maji ya visima vyetu vya karibu na bahari, yale ambayo hata chai yake ina ladha, nayo ni hivyo hivyo. Maji ya zege yawe yale unayoweza kuyanywa. Na ufukwe tukiuchota kila usiku bahari itakuja kuuulizia kwenye minazi yetu, imeshaanza.

Kokoto zetu zinagongwa na akina mama, wamekaa chini ya kibanda cha makuti na nyundo, na kazi ile hatuoni nyengine ngumu kama hiyo kijijini. Tununue kwao. Lakini jiwe letu la matumbawe lina vitundu na lina kiu. Likitiwa kavu linanyonya maji ya saruji, na hapo ndipo watu wanaposema zege limekauka, ongeza maji. Zimwagiwe kokoto maji jioni yake zilale zimelowa, asubuhi zitiwe zimechuja. Na vumbi lake lichekechwe litoke, mawe laini meupe yanayovunjika kwa mkono yatupwe. Akina mama wanayajua, waulizeni, watawachagulia.

Kuna la afya pia, fupi. Saruji mbichi inaunguza. Haiumi pale pale, ndio maana watu wanadharau, lakini mtu akisimama ndani yake pekupeku asubuhi nzima jioni ngozi ya miguu inatoka. Viatu vya mpira vipo ghalani jozi sita, viazimwe. Ikiingia machoni ni maji safi mengi, mara moja, na hospitali. Watoto wabebe ndoo za maji wakitaka, zege wasikanyage.

Na baada ya kumwaga, kumwagilia. Siku saba. Hapa ndipo tunaposhindwa wote, hata sisi waandishi. Zege likishakuwa gumu kukanyagwa tunadhani kazi imekwisha, kumbe saruji bado inakula na inataka maji yake. Baada ya siku saba linakuwa limepata kama theluthi mbili ya nguvu yake, na kipimo cha mafundi wote ni siku 28. Likiachwa juani siku ya pili linasimama pale pale lilipofika. Lifunikwe magunia, au majani ya migomba, au makuti, lirushiwe maji asubuhi, mchana na jioni. Yale maji tuliyoyanyima asubuhi ya kuchanganya, tulipe sasa hata mara mia.

Kwa hiyo tunarudi kwa kamati. Ikiwa wasiwasi wao ni haya tuliyoyataja, sisi na wao ni kitu kimoja. Yote yanazuilika kwa ndoo, uzi, pima maji na mtu mmoja mwenye neno. Hakuna hata moja linalotaka karatasi kutoka mjini.

Lakini kuna mahali tunakubaliana na kamati kabisa, tena tungependa wawe wakali kuliko walivyo. Nalo ni zege la juu. Vijana waliofanya kazi mahotelini wamerudi na pesa kidogo na kila mmoja anataka ghorofa, au angalau paa la zege ili baadaye apandishe. Wanasema kama tulimwaga la chini wenyewe, la juu linatushinda nini? Linashinda hivi: chumba kile kile cha futi 12 kwa 10, kwa unene wa inchi 5, ni zaidi ya tani tatu za zege zinazoning'inia juu ya vichwa. La chini likiwa baya utafagia vumbi. La juu likiwa baya utachimba kaburi. Nondo ikae chini au juu, ipite wapi, ukuta wa mawe na udongo utaweza kubeba au hautaweza, miti ya kutegemezea iondolewe lini, hayo hayapimwi kwa macho wala kwa uzoefu wa mjomba. Kuna mtu hapa aliondoa miti siku ya nne kwa sababu mwenye miti aliitaka. Mungu alisitiri, paa limepinda tu, na watu wanalala chini yake mpaka leo. Tunamwomba ndugu huyo, kwa mara ya tatu sasa, awatoe watoto mle ndani mpaka mhandisi alione.

Na asije mtu akasema kuanguka ni kwa vibanda vya masikini. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, na wafanyakazi wawili wakafa. Lile ni jumba la mfalme, lililokuwa na mafundi ndani yake siku hiyo hiyo. Uzito ukishaamua kushuka hauulizi nyumba ya nani. Basi kwa zege la juu karatasi iletwe, ramani iletwe, mhandisi aje atazame, na asiye navyo ushirika usimpe hata kilo moja. Hapo hatutamtetea mtu.

Tunachopinga ni kuyafunga yote mawili kwa sheria moja, kwa sababu sheria hiyo itamfungia njia maskini anayetaka sakafu na haitamzuia mwenye pesa anayetaka ghorofa. Huyo wa ghorofa hahitaji mkopo wetu, atanunua mifuko Darajani na gari itamletea usiku. Wa sakafu ndiye atakayebaki mlangoni kwa ghala na kikapu chake.

Shauri letu ni kwamba mkopo wa saruji ya chini uendelee, kwa sharti kwamba kabla ya mifuko kutoka ghalani, fundi wetu mmoja aende akaukanyage ule mchanga na kuuonja, ndiyo, kuuonja kwa ulimi, chumvi haijifichi, na akague kifusi kama kimeshindiliwa. Siku ya kumwaga awepo, na neno lake liwe juu ya neno la mjomba. Ujira wake wa siku hiyo uandikwe ndani ya mkopo ule ule. Siku ya saba arudi. Akikuta sakafu kavu haina gunia, mwanachama huyo asipewe mkopo mwengine mwaka ule, hata kama ni mmoja wetu.

Mkutano mkuu ni Ijumaa baada ya sala, chini ya mwembe kama kawaida, mvua ikinyesha tutahamia skuli. Wenye sakafu zile mbili tumewaomba waje waseme wenyewe na wamekubali, kwa hiyo asiwepo wa kuwacheka. Wale wanaomwaga Jumamosi, ndoo za kupimia zimepigwa rangi nyekundu na ziko kwa mtunza ghala. Na lile bao refu la kusawazishia liliazimwa kabla ya mwezi wa Ramadhani na halijarudi. Aliyenalo anajijua, tunalihitaji kabla ya Ijumaa.